Habari Zimfikie Lukas

Baba alifia kwangu Makambako siku ya Jumanne, na kabla hajapoa vizuri mama alishanipigia simu kutoka kijijini kunipa maneno ya tangazo la redio.

"Andika habari zimfikie kaka yangu Lukas, popote alipo," alisema. "Sasa hana tena wa kumwogopa."

Lukas na baba walikwenda pamoja vita vya Kagera, mtu na shemeji yake. Baba alirudi na medali. Lukas hakurudi, na baba akasema alitupa bunduki akatoroka. Miaka arobaini na sita tumeitwa ukoo wa mtoro. Kila Siku ya Mashujaa baba alivaa medali yake, akanywa ulanzi wake, pombe ya mianzi, akaapa kwamba Lukas akikanyaga kijijini atampeleka polisi yeye mwenyewe. Bibi, mama yake Lukas, alilala bila kufunga mlango mpaka alipokufa, mama akaendelea.

Mimi nilijua. Wiki mbili kabla, nikiwa nimemgeuza kitandani nimsafishe mgongo, baba alinieleza kama mtu anayeeleza alikosahau jembe. Lukas alipigwa risasi ya nyonga. Aliita, "Shemeji, shemeji." Baba akachukua chupa ya maji ya Lukas akaondoka.

"Kwa nini ulisema alitoroka?"

"Ningesema ameumia, wangenirudisha nikamchukue. Mama yako usimwambie. Na maji haya yamepoa, yabadilishe."

Nikayabadilisha. Nilimwogesha siku kumi na nne zaidi, na hakuna siku ambayo sikumchukia.

Tangazo niliandika kama mama alivyotaka. Nilijiambia nitamweleza ukweli nikifika. Alhamisi tulipompeleka baba kijijini, upande wa Uwemba, nikakuta mama ametenga kiti kando ya jeneza na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Juu yake kulikuwa na shada la maua alilosuka mwenyewe, Lukas aliweke kaburini. Nikaenda jikoni kusaidia kupakua chakula.

Watu walikuja na salamu zao za kamwene, mama akawaitikia huku macho yakiwa barabarani. Kila gari lililotokea Makambako, alisimama. Maziko yalipangwa saa nane. Saa kumi mchungaji alikuwa bado anangoja, ukungu unashuka, wazee wamejikunyata ndani ya makoti.

"Mtoro hana nauli," mmoja alisema, wenzake wakacheka.

Mama alisikia. Akabaki amesimama.

Ndipo nikaitwa kusoma wasifu wa marehemu. Nilisoma kuzaliwa kwake, ndoa na watoto. Nilipofika palipoandikwa kwamba alikuwa askari mwaminifu, nikaikunja karatasi. Nilitaka baba azikwe na aibu yake, na wale wazee wameze kicheko chao. Nikasema yote kwenye kipaza sauti: nyonga, shemeji shemeji, chupa ya maji. Nikasema Lukas hakutoroka, amelala ng'ambo ya Mto Kagera tangu mwaka ule. Hasira hasara, wanasema. Mimi nilijisikia vizuri kabisa mpaka nilipomtazama mama.

Alikuwa ameketi kwenye kile kiti, shada mapajani.

"Alikuambia lini?" aliuliza.

"Wiki mbili zilizopita, mama."

"Kabla ya tangazo."

"Kabla ya tangazo."

Hakulia. Aling'oa jani moja lililokauka kwenye shada, akalitupa chini.

"Baba yako alinidanganya, lakini nilipata mtu wa kumngoja," alisema. "Wewe ulijua hayupo, ukaniacha nisimamie magari tangu asubuhi mbele ya watu. Ukaenda kupakua wali."

"Mama, nilishindwa kusema."

"Hata yeye alishindwa kusema." Akanyanyuka, akanipa lile shada. "Utaliweka wewe. Mmefanana."

Baba akashushwa. Kaburi lilipojazwa, mwongoza ratiba, kijana wa watu asiyejua ashike lipi, alisoma karatasi yake kama ilivyoandikwa: shada la shemeji wa marehemu. Watu wote walinigeukia. Mama hakunitazama, alikuwa anakikunja kiti akirudishe ndani.

Nikaenda nalo.