Maua ya Wanaosaidia

Yule mwalimu wa chekechea wazazi tulimwita Mwalimu Tabasamu, na mimi tabasamu lake hadi leo linanitia kichefuchefu. Alinijia nyumbani mwanzoni mwa muhula, nimeinamia cherehani, pini mdomoni, akanieleza mchezo wake mpya. Watoto watakata maua ya karatasi, watayapaka rangi, na kila atakayemsaidia mwenzake atabandikwa ua kifuani.

"Tenda wema nenda zako, mama," akasema. "Tuwafundishe wangali wadogo."

Nikatoa pini mdomoni nikamsifu. Ningejuaje?

Binti yangu, Kifaranga tunavyomwita nyumbani, aliugua akiwa mchanga na mguu mmoja ukabaki mwembamba. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinionya: asibebwe, maana mguu usiotumika unasahau kazi. Basi kila jioni nikishafunga kazi nilimtembeza kuizunguka meza yangu ya kukatia vitambaa. Kwanza alishika ukingo kwa mikono yote, baadaye kwa kidole, mwishowe hakushika kitu. Akianguka simwinui. Jirani akaniita mama wa kambo. Aseme, mdomo ni wake. Mwakani Kifaranga alitakiwa kuingia darasa la kwanza, na darasa lenyewe liko ghorofani. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi alinieleza waziwazi: mtoto asiyeweza kutembea peke yake hampokei. Angekuja chekechea siku ya wazazi, amwone kwa macho yake.

Sasa chukua darasa zima la watoto wenye afya zao, kila mmoja anataka ua. Wamsaidie nani? Walimvamia Kifaranga wangu kama nzi kwenye kidonda. Huyu anambebea mfuko, yule anamshika kwapa, wengine wanamnyanyua mzegamzega kumpeleka chooni na haja hana. Ikafika siku binti wa muuza duka akamsukuma makusudi, apate wa kuinua. Mwanangu akarudi goti limechubuka. Nikaenda pale nimewaka.

"Mwalimu, wanamwangusha mwanangu!"

"Ni mapenzi tu, mama. Ona walivyo na moyo."

"Mapenzi gani ya kuchubuana? Waambie wamwache atembee!"

"Usimfundishe mtoto kukataa msaada, mama. Hicho ni kiburi."

Kiburi! Eti tenda wema nenda zako. Mbona pale hakuna aliyekwenda zake? Wote walisimama kifua mbele wakisubiri gundi. Ningemhamisha, lakini chekechea nyingine karibu haikuwepo, na mazoezi yetu ya kuzunguka meza yalikuwa yameanza kuzaa matunda. Nikameza hasira.

Siku ya wazazi tulipangwa kwenye viti ukutani, Mwalimu Mkuu mbele na tai yake. Mwalimu Tabasamu akatangaza kwamba leo kuna maua ya karatasi ya dhahabu, ya mwisho wa mwaka. Kisha Kifaranga akaitwa avuke chumba peke yake, ampelekee mgeni mchoro.

Akainuka mwenyewe. Akatembea! Jamani, mwanangu alitembea, akiuburura mguu kidogo, mchoro kaukumbatia. Niliuma mtandio wangu nisipige kelele. Alipofika katikati akageuka kuwatazama wenzake. Walikuwa mkekani wamenuna, mikono mitupu, hakuna wa kusaidia. Akasimama. Halafu akakaa chini taratibu, kama mtu anayekaa kula.

Wakamrukia wote. Wakamwinua juujuu hadi mbele, chumba kikalipuka kwa makofi. Baba wa mtu akafuta machozi.

"Ametembea!" nikamwambia Mwalimu Mkuu. "Si umemwona?"

"Nimemwona akikaa, mama. Na huku kwangu ngazini nani atambeba? Mwache hapa wanakompenda."

"Nipe siku nyingine, nakuomba."

"Nafasi zinajaa leo." Akaenda kupiga picha na wenye maua.

Kifaranga alikuwa akivuta sketi ya mwalimu wake. "Mwalimu, na mimi ua langu? Nimekaa ili wao wapate."

Mwalimu Tabasamu akacheka, akamshika shavu. "Wewe ni wa kusaidiwa, mpenzi. Maua ni ya wanaosaidia."

Sikumtukana. Nikamtoa mwanangu nje hadi barabarani, nikauachia mkono wake.

"Haya, twende nyumbani. Tembea."

Hakusogea. Akaninyooshea mikono yote miwili.

"Tembea, mwanangu. Unaweza. Nakusihi."

"Nibebe, mama," akanibembeleza, sauti ya chini kama ananipa siri. "Nitamwambia mwalimu, na wewe akupe ua."