Msiba wa Stela Kabla ya Fomu

Siku ya tatu, gari jeupe lisilojulikana ni la nani likiwa bado limeegeshwa mbele ya banda la cherehani, Advera alivuka njia akaenda kwa mtani wake. Hodi hakupiga. Alimkuta Bi Mwanajuma anachambua mchele, akajitupa kwenye kigoda.

"Mtani, nitishie mtoto wangu."

"Stela? Yule hatishiki. Ulimwachisha ziwa kwa pilipili, leo unakuja kulalamika kwangu."

"Mwanajuma, leo sina mbavu za kucheka."

Kweli hakuwa nazo. Bi Mwanajuma akaweka ungo chini. Habari alikuwa nayo, kama mtaa wote wa Kanyenye. Stela, mbunge, yule aliyeng'ang'ana mpaka akina mama wakaacha kwenda hospitali kujifungua na beseni na nyembe zao, alikuwa amerudi kwa mama yake kufikiri. Vijana wake walimletea fomu ya kugombea urais. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati la vyombo, haijaguswa. Akiijaza, Jumatatu inarudishwa. Asipoijaza, anabaki na ubunge wake, na mama yake anapata usingizi.

"Mimi nikimkataza, naambiwa mama unalia tu," Advera akasema. "Wewe una ruhusa. Mwambie yatampata ya Silasi."

Silasi alikuwa dereva wa Stela. Mwaka juzi alikuwa akirudi kutoka kijiji cha Choma, peke yake, watu wakamsimamisha barabarani. Gari lilipatikana. Mkewe mpaka leo anampakulia chakula.

Na hiyo ruhusa ni ya zamani kuliko nyumba yoyote ya Kanyenye. Wanyamwezi, watu wa akina Advera, walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani walipita kwa Wazaramo. Huko wakatukanana, wakauguzana, wakazikana, basi wakawa watani. Bi Mwanajuma, Mzaramo wa kuzaliwa Tabora, aliwahi kulala juu ya jeneza la mume wa Advera, akisema hazikwi mtu hapa mpaka arudishe sururu aliyoniazima. Padri mwenyewe alicheka. Maneno ya mtani hayashikwi. Kwa miaka sabini na miwili Bi Mwanajuma alikuwa amesema yote aliyotaka duniani, na hakuna aliyewahi kumshika kwa hata moja.

Wakaenda papo hapo, saa saba mchana. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini, mtaa umenyamaza. Lile gari tu halikuwa limekwenda kuswali.

"Shikamoo, mtani," Stela akasema.

"Marahaba, marehemu. Lala hapo."

Stela akacheka, akajilaza kwenye mkeka. Bi Mwanajuma akamfunika shuka jeupe mpaka utosini, akajifunga kanga kiunoni, akapaza kilio.

"Jamani mtani wangu, umekwenda. Nilikuambia Ikulu kuna mazulia, miguu yako imezoea matope ya mpunga. Hukusikia, kwa kuwa masikio yako ni ya ukoo wenu, makubwa lakini ya mapambo."

Shuka likatikisika.

"Marehemu, tulia. Huoni unaliliwa?" Akazunguka mkeka. "Tazama waliokuja. Mimi na paka. Waliokupigia makofi uwanjani wamefunga milango, nani anataka kuonekana msibani kwako? Tena wewe una bahati, una maiti. Mke wa Silasi amepewa nini cha kufunika?"

Shuka likatulia. Advera akaanza kulia, kilio cha kweli. Bi Mwanajuma naye aliona shuka lile limemkaa Stela vizuri mno.

Ikasikika hodi. Mwanamume wa lile gari jeupe alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Poleni na msiba. Mheshimiwa amefariki saa ngapi?"

Bi Mwanajuma alikuwa amemwita marehemu mtani wangu tu. Jina hakulitaja. Nyumba ilikuwa na wanawake watatu, na mgeni hakuuliza ni yupi.

"Saa saba hii," akajibu, kwa sababu mdomo haukupata lingine la kusema.

Yule mtu akalitazama shuka, akarudi barazani, akapiga simu. Pazia la mlango ni jepesi.

"Ndiyo, mkuu. Imeshakuwa." Akasikiliza. "Hapana, siyo sisi."

Advera akauma ncha ya kanga. Chini ya shuka hapakuwa na pumzi.

Mtu akarudi ndani. "Naomba nimuage." Akapiga hatua kuelekea mkekani.

Bi Mwanajuma akasimama katikati. Silaha alikuwa nayo moja tu, ile ile ya siku zote. "Uso wa marehemu ni wa mtani. Jina lako nani, nimwambie kaja nani?"

"Mimi ni mtu tu."

"Watu tu wanakaa nje. Jembe liko nyuma ya mlango, kaburi bado halijaanzwa."

Mtu akalitazama jembe, akamtazama bibi, akavaa kofia yake akatoka. Walisubiri kusikia gari likiondoka. Halikuondoka.

Stela akaketi, nywele zimevurugika. Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu, usiijaze," Bi Mwanajuma akasema. "Hili silisemi kwa utani."

"Fomu bado nyeupe, mtani. Sijaandika hata jina langu, na wao tayari walikuwa wanasubiri simu." Akaitazama ile bahasha juu ya kabati. "Nisipoijaza, wataacha kusubiri?"

Stela akashusha bahasha, akapiga magoti pale pale mkekani, akaandika. Kisha akainua uso.

"Inataka wadhamini wengi, nataka wa kwanza atoke hapa. Jina kamili, namba ya kadi ya kura, sahihi."

"Mimi siandiki," Advera akasema. "Nimekuzaa. Mnataka sahihi gani tena kwangu?"

Wakamgeukia Bi Mwanajuma.

"Kwenye hiyo fomu hakuna utani?"

"Hakuna, mama," Stela akajibu.

"Kadi iko nyumbani," akasema, na mwenyewe hakujua kama ni kisingizio.

Alivuka njia akitazama chini. Kioo cha gari kikashuka.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma. Maziko lini?"

"Marahaba," akajibu. Shikamoo hajawahi kuiacha bila jibu. "Jumatatu."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Alipofika ndani ndipo alipoelewa amesema nini, na kwamba jina lake wanalijua bila yeye kuwapa. Akakaa kitandani na kopo la biskuti mapajani, kadi imo ndani. Kitasa cha mlango wake ni kizima. Angeweza kukifunga, akalala, Jumatatu ikapita. Alikaa mpaka wanaume walipoanza kurudi kutoka msikitini, akainuka akatembea katikati yao kurudi kwa Advera, kadi mkononi.

Aliandika herufi moja moja, kama walivyofundishwa darasa la nne. Karatasi ilihama kila alipokandamiza kalamu. Advera akaishika kwa viganja vyote viwili, akiangalia pembeni.

Herufi ya mwisho ilipokaa, nje gari likawashwa. Wote watatu wakasikiliza linaelekea wapi.