Asubuhi Mbili kwa Wiki

Verediana Lohay alifundisha watu kurusha ndege kwa miaka saba huko Arusha, na miaka yote saba alilipwa kwa saa. Saa yenyewe ilianza kuhesabiwa injini ikiwaka na kuishia injini ikizimwa. Kumweleza mwanafunzi ubaoni kwa nini bawa huacha kubeba ndege inayokwenda polepole mno, hiyo haikuwa saa. Kukaa uwanjani tangu alfajiri akingoja mawingu yapande, halafu yasipande, hiyo nayo haikuwa saa.

Alipopata mimba ya Naomi ndipo alipoijua kazi yake vizuri. Daktari wa marubani alimzuia kuruka, na shule ikamwambia nafasi yake ipo, arudi tu akiwa tayari. Mwaka mzima hakuingiza kitu. Baba wa mtoto, fundi wa magari ya kitalii, alihamia Mwanza akaoa huko. Verediana akampeleka mtoto Ganako, nje kidogo ya mji wa Karatu, kwa baba yake, Mzee Marseli, mjane aliyekuwa akilima maharage na ngano. Walikubaliana mtoto akae mwaka mmoja, mpaka mama yake apate kazi ya mshahara. Sasa Naomi alikuwa na miaka sita, na Kiiraqw chake kilikuwa kizuri kuliko cha mama yake.

Si kwamba hakuitafuta kazi hiyo. Aliomba kwenye kampuni za ndege za kitalii, wakamwambia wanataka rubani mwenye saa nyingi kwenye ndege kubwa, na saa zake zote, zaidi ya elfu mbili, zilikuwa za ndege ndogo ya kufundishia. Wanafunzi wake wawili, ambao wazazi wao waliweza kuwalipia mafunzo ya ndege kubwa, waliajiriwa mbele ya macho yake. Mmoja alimpigia simu kumshukuru.

Masika ya mwaka huu yalikuwa mabaya. Ndege moja ya shule ilifunguliwa injini ikawa inangoja kifaa kutoka nje, na ya pili ikagombewa na walimu wanne. Aprili nzima aliruka saa kumi na moja. Ndipo fundi mmoja pale uwanjani akamdokeza kwamba Hilary, mwenye kampuni ya utalii Karatu, amenunua ndege mbili ndogo na anataka kufungua shule ya urubani kwenye kiwanja cha Manyara. Anatafuta mwalimu mkuu, tena wa mshahara.

Hilary alikuwa mtu wa Rombo, mpole wa maneno, aliyeanza maisha Karatu kwa kuosha magari ya wageni. Alimpokea Verediana ofisini kwake, akamwagizia chai, akamwuliza anataka nini hasa. Verediana alikuwa amejiandaa kwa maswali ya sheria za anga. Hilo hakulitarajia, akasema ukweli.

"Mshahara wa mwezi," alisema. "Hata ukiwa mdogo, mradi uje kila mwezi."

Baadaye alijilaumu kwa kumwonesha mtu njaa yake namna ile. Lakini siku hiyo Hilary aliitikia kwa kichwa kama aliyeguswa. Alimweleza kwamba shule haifunguliwi bila kibali, na kibali hakitoki bila vitabu vya mafunzo na jina la mwalimu mkuu. Vitabu aviandike yeye. Kibali kikitoka, mkataba wa mshahara utaanza Julai mosi.

Verediana alipita Ganako siku hiyohiyo. Alimkuta Naomi akipukuchua mahindi na babu yake, akamwambia kwamba Julai anarudi nyumbani moja kwa moja; atakuwa akienda kazini asubuhi na kurudi jioni, kama mama za watoto wengine. Mtoto aliuliza Julai ni lini. Wakahesabu wiki pamoja kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani. Mzee Marseli alisikiliza, akaendelea kupukuchua.

Miezi miwili aliandika. Aliandika namna ya kukagua ndege kabla ya kuruka. Aliandika cha kufanya injini ikizimika juu ya Olbalbal, ambako tambarare ni kavu na unaweza kutua popote pasipo na ng'ombe. Aliandika pia mahali ambapo mwanafunzi asithubutu: ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, kabla ya saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala msituni. Kwa kuwa Arusha alionekana mara chache, shule ya kule iligawa wanafunzi wake kwa walimu wengine. Wakaguzi walikuja Juni, wakavisifu vitabu. Kibali kikatoka, na jina lake limo.

Julai mosi alivaa shati jeupe la kirubani, akaenda ofisini. Hilary hakumkwepa. Alimweleza kwamba wageni mwaka huu wamefurika, na ndege zote mbili zimeshapangiwa kuwazungusha juu ya ziwa na bonde. Wanafunzi watapata asubuhi mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa.

"Mwalimu, siwezi kumlipa mtu mwezi mzima kwa asubuhi mbili," alisema. "Nitakulipa kwa saa. Tena vizuri kuliko Arusha."

"Uliniambia mshahara."

"Wakati ule nilikuwa nasema kweli."

Kibali kilikuwa ukutani, tayari kimewekwa kwenye fremu. Verediana alifikiria kukataa, aondoe jina lake, shule ikwame. Lakini aliwajua walimu wanne Arusha ambao wangeichukua nafasi hiyo kabla jua halijazama, na mmoja wao alifundishwa na yeye mwenyewe. Akauliza Jumanne aripoti saa ngapi.

Nyumbani alikuta Naomi amesogeza nguo zake upande mmoja wa sanduku ili za mama zipate nafasi. Mtoto alipotoka nje kuchota maji, Verediana alimweleza baba yake kwamba asubuhi mbili hazimtoshi kuishi. Siku nyingine itabidi akae Arusha aokote saa wanazoziacha wengine. Mzee Marseli alichungulia mlangoni kama mtoto yuko mbali.

"Mimi sikulaumu, mama," alisema. "Shamba nalo halijawahi kunipa mshahara. Ila mtoto usimtajie tarehe tena."

Ikawa hivyo. Zamani aliagana na mwanawe mara moja kwa miezi miwili. Sasa aliagana naye mara mbili kwa wiki. Mwanzoni Naomi alimsindikiza mpaka barabarani. Mwishoni mwa Agosti alikuwa akibaki jikoni anakunywa uji, akiitwa anaitikia, "Haya mama, safari njema," bila kutoka.

Kati ya wanafunzi watatu wa Hilary, mwenye kipaji alikuwa Loserian, kijana wa Olbalbal, ambaye ukoo wake uliuza ng'ombe ili asome. Mkono wake ulikuwa mtulivu, ndege ilimtii. Ijumaa moja ya Septemba walizunguka juu ya kwao, akamwonesha Verediana boma la mama yake. Wakiwa njiani kurudi, kreta ikiwa kushoto kwao na ukungu umeshafunguka, akauliza akimaliza mafunzo ataanzia wapi.

Verediana alimjibu kwamba wengi huanza kwa kufundisha, wakusanye saa, mpaka kampuni iwachukue.

"Na kufundisha kuna mshahara?"

Angeweza kumwambia. Lakini ng'ombe walikwisha kuuzwa, na maneno yake yasingemrudisha hata mmoja. Kumdanganya nako hakutaka.

"Mwendo wako unapungua," alisema. "Shusha pua kidogo."

Loserian alishusha pua. Alingoja jibu kwa muda, kisha akaacha kungoja, akaanza kukitafuta kiwanja kwa macho. Alitua vizuri. Verediana alimsainia kitabu chake cha saa za kuruka, saa moja na dakika kumi, akavuka kwenda barabarani kusubiri basi la Arusha.