Kilengeo cha Thora Lindquist

Wiki ile ya mwisho kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, Merle Tveit alikuwa hoi. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza amesimama mbele ya jiliwa moja la kubania vyuma, katika banda la mabati nyuma ya nyumba yake pale Kettle Fork, Montana, akitengeneza bunduki za watu. Kila mwaka ni yale yale. Miezi kumi na moja watu wanasahau kwamba wana bunduki, kisha siku kumi kabla ya msimu wote wanakumbuka kwa pamoja. Ukutani ziliegemea bunduki kumi na nne, kila moja imefungwa kikaratasi cha jina, na kila jina limeahidiwa Ijumaa.

Jumanne asubuhi Thora Lindquist aliingia bila kubisha hodi, ameikumbatia bunduki iliyoviringishwa kwenye blanketi la farasi. Thora alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, mfugaji wa ng'ombe kule bondeni. Merle alisoma darasa moja na mdogo wake Thora, na kwa sababu hiyo Thora hajawahi kukubali kwamba Merle amekua.

"We kijana, umelala au umekufa?"

"Bado sijaamua, dada."

"Basi ahirisha mpaka Jumamosi. Nina kazi yako hapa."

Akaifunua. Ilikuwa bunduki mpya ya Kiitalia, iliyoundwa kwa kuiga zile za zamani za wachunga ng'ombe, zenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio, unaousukuma chini na kuurudisha ili risasi nyingine iingie. Bunduki ya baba yake, ile ya asili, iliteketea pamoja na nyumba ya zamani. Hii aliinunua kwa sababu mikono yake haikujua kushika nyingine.

"Inapiga vizuri," alisema. "Tatizo ni mimi. Jicho la kulia wamelitoa mtoto wa jicho, mbali naona kama mwewe. Lakini hicho kijisahani cha nyuma chenye pengo la kulengea, nikilenga, nakiona ukungu mtupu. Mwaka jana nilikosa kulungu aliyesimama karibu kama lile gari langu. Alinitazama, Merle. Nadhani alinihurumia."

Akatoa mfukoni kifurushi alichokiagiza kwa posta. Ndani mlikuwa na kilengeo cha nyuma cha aina nyingine: kijiti cha chuma chenye kisahani cha mviringo na tundu katikati, kinachosimama nyuma kabisa, karibu na jicho. Kulikuwa pia na kilengeo cha mbele, kirefu kidogo, chenye shanga ya shaba ya kukaa kwenye ncha ya mtutu.

"Umechagua vyema," alisema Merle. "Hili tundu hulitazami. Unachungulia tu ndani yake kama dirishani, jicho lenyewe linatafuta katikati. Unashughulika na shanga peke yake."

"Ijumaa?"

Merle aliziangalia zile kumi na nne. Alitaka kusema haiwezekani. "Alhamisi," alisema. "Tutaenda kuijaribu pamoja."

Aliianza Jumatano baada ya chakula cha mchana, akiwa ameshamaliza tano za watu wengine. Cha nyuma kilimsumbua kidogo tu. Skrubu zilizokuja nacho zilikatwa kwa kipimo cha Kimarekani na matundu ya bunduki yalikuwa ya Ulaya, lakini kwenye kopo lake la skrubu za miaka yote alipata mbili zilizokubali. Cha mbele ndicho kilichokuwa na maneno. Mguu wake huingia kwa ubavu katika mfereji uliochongwa juu ya mtutu, na mguu huu ulikuwa mnene kuliko mfereji kwa unene wa unywele.

Hapo kila fundi anajua la kufanya. Unapiga tupa kwenye mguu, kwa sababu ukiuharibu unaagiza mwingine. Mtutu huugusi. Merle mwenyewe aliwafundisha watu hilo. Lakini siku ile mgongo ulikuwa unamwaka, miwani imejaa vumbi la chuma, na akili yake ilikuwa kwenye bunduki ya sita inayofuata. Akachukua tupa, akainama, akapiga mara nne.

Alipousukuma mguu ukaingia kwa dole gumba.

Akauchomoa. Mguu unapaswa kugoma katikati, ukubali tu kwa nyundo. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena: alikuwa ameupiga tupa mfereji.

"Mjinga we," alijiambia.

Njia ya mkato ilikuwepo, na kila fundi anaijua hiyo pia. Alichukua chuma chenye ncha, akagonga vidoti sita kwenye sakafu ya mfereji ili chuma kivimbe, akatia tone la gundi, akakisukuma kilengeo mahali pake. Kikakaza. Kwa macho hakuna ambaye angegundua. Akasema moyoni kwamba itashika. Hakuwa na hakika. Alitaka tu iwe imekwisha.

Alhamisi mchana walikwenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha, nyuma ya jaa la mji. Upepo ulikuwa baridi lakini umetulia. Thora aliketi kwenye meza ya mbao, akaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na Merle akakaa kando na darubini.

Risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja juu kidogo ya katikati, zote zingefunikwa na kifuniko cha chupa.

"Umeona?" Thora aligeuka, uso umemng'aa. "Umeona, kijana? Naiona ile shanga! Naiona kama nina miaka thelathini!"

"Nimeona, dada."

Merle akashusha tundu la nyuma mizunguko miwili. Tatu zilizofuata zikakaa katikati. Halafu ya saba ikaenda kulia kidogo. Ya nane ikaenda kulia zaidi. Ya tisa ikatoboa ukingo wa karatasi.

Merle alielewa kabla mlio haujaisha kurudi kutoka kilimani. Kila bunduki inapopiga teke, kilengeo kile cha mbele kinateleza kuelekea kushoto, na risasi inakwenda kulia.

Thora aliweka bunduki chini taratibu. Hakugeuka.

"Basi," alisema. "Ni mimi. Nikipiga chache nikachoka, mkono unavuta."

Merle aliendelea kuchungulia darubini.

"Nilijua, unajua. Mwanangu aliniambia niache mwaka jana. Mnyama hastahili kujeruhiwa kwa sababu kizee kimoja ni kibishi." Akavua glavu, akazikunja. "Nitampa mjukuu wangu. Ipige picha kabla hajaichukua, angalau ni nzuri."

Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu, akaingia kwenye gari, na kesho akawapa watu bunduki zao. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kwa muda, labda muda wa pumzi tano au sita, alinyamaza kweli. Kisha akaona vidole vya Thora vinavyohangaika na zile glavu.

"Si wewe," alisema.

"Acha kunifariji, Merle."

"Sikufariji. Shika hicho cha mbele. Kitikise."

Thora alikishika. Kikacheza. Alikitazama, akamtazama yeye.

"Niliuchonga mfereji badala ya mguu," alisema Merle. "Nilikuwa nimechoka na sikuona ninachofanya. Halafu nikakigandisha kwa gundi nisikuambie. Jicho lako halina neno. Mikono yako haina neno."

Thora alipozungumza, sauti haikuwa na utani.

"Ningeacha kuwinda, Merle. Ningekwenda nyumbani nikakae dirishani ningoje kufa, na wewe ungejua."

"Ndiyo."

"Miaka sitini na mitano nawinda. Nilianza kabla hujang'oa meno ya utoto."

"Najua, dada. Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Nitakuambia." Akaisukuma bunduki upande wake. "Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka."

"Basi itengeneze. Na kabla hujaanza ulale, maana ukinichongea kitu kingine nitakuchonga wewe."

Merle alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Ardis, kila kitu. Ardis hakumlaumu. Alichukua simu akawapigia wenye bunduki ambazo hazijatengenezwa, mmoja mmoja, kuwaambia kwamba fundi anaumwa, waje wazichukue kama zilivyo. Wawili walimfokea. Merle alisikia yote kutoka kitandani, kisha akalala saa kumi na moja mfululizo.

Ijumaa alikata kipande cha chuma, akakichonga mguu mpya mnene, kidogo kidogo, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Kila baada ya kupiga tupa mara mbili alipima. Akanyoosha kingo za mfereji alizoziharibu, akaupachika mguu ule kwa nyundo ya shaba. Uligoma katikati, akaugonga, ukakubali. Jioni walirudi jaani, Thora akapiga risasi kumi na mbili bila kusema neno. Zote zilikaa.

"Haya," alisema, na akaondoka.

Jumamosi na Jumapili hakukuwa na habari. Jumatatu mchana simu ililia, na Merle akaipokea akiwa kwenye kiti chake karibu na jiko.

"Risasi moja," alisema Thora. "Hatua themanini. Alianguka pale pale, hakujua hata kilichompata."

"Hongera, dada."

"Bado nimekukasirikia."

"Ndiyo."

"Ila nitakuletea paja. La Ardis, si lako. Sasa ngoja nikuambie nilivyomkokota, maana alianguka upande wa chini wa kijito na mimi nina goti moja tu linalofanya kazi..."

Akaanza kusimulia, tangu alfajiri, theluji ilivyokuwa, farasi alivyogoma. Ardis alipopita na kikombe cha kahawa alimkuta mumewe amelala fofofo, simu kifuani, na sauti ya Thora inaendelea humo ndani, haijafika hata nusu ya kijito.