Beseni la Mama Nyamizi

Mwaka wa sabini na nane, kipindupindu kilipopita vijiji vya Shinyanga na chokaa ikamwagwa mpaka mlangoni pa kanisa, Scolastika, mjane wa Ngassa, alikuwa akimlinda mtu mmoja: mama mkwe wake, Nyamizi. Akili ya bibi huyo ilikuwa imemtoroka kidogo kidogo ikabaki mikono, na mikono hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Akijichafua kitandani hakuita mtu. Alizoa kwa vidole, akapaka ukutani, kisha akaja jikoni kutafuta maji ya kunywa, mchangamfu kama bibi harusi.

Basi Scolastika aliupandisha mtungi wa maji yaliyochemshwa juu ya kichanja, mahali bibi asipoweza kuufikia. Matambara ya mama aliyachemsha kwenye debe la peke yake, kwa majivu, maana sabuni ilikuwa haijaonekana dukani kwa Jafferali tangu Kwaresima. Kila Jumamosi alimkata kucha kwa wembe huku akimnong'onezea Salamu Maria ili atulie. Kabla ya kula alimmiminia maji kwa kopo na kumsugua kidole kwa kidole, halafu akampakulia kwenye sahani yake mwenyewe. Nyumba mbili za jirani zilizika watu. Kwake hakuna aliyeharisha.

Lakini maneno hayaogopi kipindupindu, yalifika mjini. Jumapili moja wakatokea watoto wa Nyamizi wawili. Donatus, mfanyabiashara wa mchele wa Kagongwa, tumbo lake liliingia mlangoni kabla ya salamu. Dada yake Euphrasia, wa Kambarage mjini, alikuwa hajakanyaga hapo tangu matanga ya Ngassa, eti vumbi linaharibu viatu. Alimletea mama chupa ya manukato. Kipande cha sabuni, hata cha ukubwa wa kidole gumba, hakuleta.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba. Ninyi ni wa nani?"

Euphrasia akafuta jicho lililokuwa kavu.

"Shemeji," Donatus akaanza, akitafuta kiti kitakachombeba, "tunasikia mama yetu analishwa peke yake kama mkoma. Anamiminiwa maji kama mfungwa."

"Anamiminiwa ili apone, shemeji."

"Apone nini? Uzee? Nitamchukua. Leo hii anapanda lori, akakae Kagongwa na damu yake."

"Huko kukoje siku hizi?"

"Ah, taabu tupu. Mtaani kwetu wiki hii tumezika wanne."

Alisema hivyo kama anavyotaja bei ya mchele. Scolastika akapiga hesabu. Akimwachia Nyamizi apande lori hilo, atakuwa amempeleka kaburini kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwanza tule," Euphrasia akaamua. "Kwa heshima, kama tulivyolelewa. Sahani moja na beseni moja, mkubwa anawa kwanza, wadogo tunafuata. Sio mambo yako ya vikopo, wifi."

"Mama ametoka kuamka sasa hivi. Ngoja nimsafishe kwa..."

"Lete beseni! Maneno mengi ya nini? Au unamwonea kinyaa aliyemzaa mume wako?"

Scolastika akamtazama mama, akatazama kucha zake, akamtazama wifi yake. Akapiga ishara ya msalaba. Akaleta beseni jeupe la wageni, limejaa maji safi, akaliweka mbele ya Nyamizi.

Heshima bibi hakuwa ameisahau. Alijiweka sawa, akakunja mikono ya gauni, akazamisha vidole vyote kumi. Akanawa taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeangaliwa na wakwe. Maji yakageuka rangi mbele ya macho yao, na harufu ikafuata. Alipomaliza akalisukuma beseni kwa Donatus.

"Nawa, baba. Ugali unapoa."

Mkono wa Donatus ulibaki hewani.

"Nawa, shemeji," Scolastika akasema. "Ni mama yako. Wifi, wewe unafuata."

Euphrasia alikuwa ameshasimama, kitambaa puani. "Mungu wangu! Hivi... kila siku?"

"Kila siku. Huko Kagongwa mtagawana zamu."

Donatus akakumbuka kwamba lori lilikuwa limejaa magunia. Akakumbuka pia kuwa mke wake ana presha. Labda mwakani, alisema, akiwa tayari uani, na dada yake mbele yake akikimbia na vile viatu kwenye vumbi.

Scolastika alimwaga yale maji chooni, akalichemshia beseni maji ya majivu, akanawa yeye mpaka viwikoni. Ndipo akamgeukia mama, akammiminia kwa kopo, kidole kwa kidole.

"Wabeja, mayu," Nyamizi akamshukuru, akimwita mama. "Wale wageni hawali?"

"Wameshiba."

Akampakulia paja la kuku. Halafu, kabla hajakaa, akakifuta kwa maji ya moto kiti alichokalia Donatus. Hakujua watu wale wameshika nini.