Oskonbai na Anwani Yake Moja

Bi Kalipa aliingia ofisi ya mtandao ya mjini Naryn bila kubisha hodi, simu mkononi, mdomoni anamung'unya kurut, vile vidonge vya maziwa makavu vigumu kama kokoto. Saa sita kamili za Naryn, huko Yekaterinburg, mjukuu wake angefungwa kwenye susu, kitanda cha kubembelezea mtoto, kwa mara ya kwanza, na maneno ya kumfungia yalikuwa yake yeye, bibi mzaa baba. Asipotokea kwenye kioo cha simu, bibi wa upande wa pili angeyasema, na ulimi wa bibi huyo haukuwahi kukosa kazi.

"Mkwe wangu," alimwambia Burulcha, fundi wa pale, "huu mtandao wenu umekufa, au umelala tu kama mumeo?"

Burulcha hakucheka. Alikuwa ameiinamia mashine ya majina. Kazi yake mashine ile ni moja: mtu au simu ikitaja jina la mahali mtandaoni, yenyewe inatafuta namba yake. Isipojua, huanzia kwa wakubwa kumi na watatu, yaani mashine kuu zilizo juu ya majina yote duniani, na anwani zao huwekwa kwenye orodha ndani yake. Alfajiri umeme ulikatika. Tangu urudi, mashine inanguruma vizuri lakini haijui jina la mtu.

Akafungua orodha. Palipotakiwa anwani kumi na tatu, ilikuwapo moja.

"Kaka Oskonbai! Nani kaifyeka hii?"

Mwenye ofisi akashusha kofia yake ya sufu hadi kwenye nyusi. "Mimi. Huyo ndiye aliyekuwa anajibu haraka. Kubisha hodi nyumba kumi na tatu za nini?"

"Huyo ndiye aliyehama! Walitangaza mwaka jana. Mlango wa zamani wakauacha wazi miezi na miezi, wiki iliyopita wakaufunga."

"Mbona wiki nzima tulikuwa sawa?"

"Mashine ilimwuliza kabla hajafunga, akaitajia wenzake wote na makao yake mapya. Ilikuwa nayo kichwani. Umeme ulipokatika ikasahau, ikarudi kwenye kikaratasi chako."

Bi Kalipa akatema kurut kiganjani. "Oskonbai, babu zako saba unawajua?"

Oskonbai, aliyelelewa akaleleka, akawataja wote saba kwa pumzi moja.

"Ala! Wote saba wa nini? Si ungebaki na yule mmoja anayejibu haraka?"

Ilikuwa saa sita kasorobo. Burulcha akampigia wifi yake Sairagul, binti wa Bi Kalipa, fundi wa mtandao kule Osh.

"Wifi, nisomee anwani ya mkubwa mmoja."

"Mmoja? Chukua wote, bure."

"Mmoja, upesi. Mama yuko hapa."

"Uwii! Andika."

"Moja tena?" Oskonbai akanung'unika. "Si ndiyo dhambi niliyosomewa sasa hivi?"

"We mtoto," akasema Bi Kalipa, "mwaka nilioolewa nilipanda malishoni nikakuta hema la wakwe halipo, limebaki duara la majani ya manjano. Nilimwuliza mkamua maziwa ya farasi wa kwanza niliyemwona, akanionyesha ukoo mzima ulikohamia. Wewe ungekaa katikati ya duara usubiri chai."

Burulcha akafuta ile anwani ya zamani, akaandika namba mpya, akaiwasha mashine upya. Ikamwuliza huyo mmoja, naye akaitajia wote kumi na watatu, yule mhamaji akiwamo. Simu ya Bi Kalipa ikalia.

Kwenye kioo, bibi wa upande wa pili alikuwa keshashika mkanda wa susu, kinywa wazi.

"Funga mdomo, dada, nzi wataingia," Bi Kalipa akasema. Kisha sauti ikamlainika, akamtaja mlinzi wa watoto wachanga. "Si mkono wangu, ni mkono wa Mama Umai..."

Mtoto akapiga chafya. Mkanda ukafungwa.

Bi Kalipa akafuta macho, akarudisha kurut mdomoni, akamsukumia Oskonbai kalamu.

"Zimebaki kumi na mbili. Anza kuandika. Na leo sina haraka."