Jina la Bi Mwanamize

"Ummu Kamal wa Jidda." Vuai alisoma kwa sauti, akairudisha mezani karatasi ya jalada la kaseti. "Bosi, huyu nani?"

"Mwimbaji wako," alijibu Abu Talal. "Mwanamize nani atalitamka? Na zile nyimbo mbili za Kiswahili ziondoe. Halas, yamekwisha."

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Riyadh ilikuwa ikijengwa kila upande, na kibanda cha kaseti cha Abu Talal pale sokoni Batha kilikuwa kimegeuka kampuni. Aliyekikuza ni Vuai. Alianza kwa kufagia. Sasa ndiye mkuu wa kurekodi, yeye ndiye mwenye kuamua sauti ipi itoke na ipi ibaki. Lakini ndani ya ikama yake, kile kibali cha ukaazi, hakuwa Vuai. Karani alimwandika Fuad, naye, kijana aliyetoka Unguja miezi michache baada ya mapinduzi, hakubisha. Kwa miaka kumi na mbili aliliitikia jina hilo.

Bi Mwanamize, mwimbaji wa Unguja, Vuai alikuwa amemrekodi mwenyewe kule Jidda, katika sebule ya nyumba moja ya mtaa wa Al-Hamra, mapazia mazito yamefungwa kuzuia honi za magari. Mama yule wa miaka sitini alifumba macho. Fidla ikamtangulia. Papo hapo Vuai alikuwa Vikokotoni, kwao Unguja, harusini: wanawake na vikuba vyao vya asumini, na marehemu mama yake mstari wa mbele akipiga vigelegele. Mshale wa mashine ukapanda hadi kwenye wekundu. Siku nyingine angeshusha sauti. Siku ile aliuacha.

Sasa alipanda ndege kurudi Jidda, kumpa habari ya jina. Alijiandaa kutukanwa.

"Mie jina silitafutii sifa, mwanangu," Bi Mwanamize alisema, akimmiminia kahawa. "Lakini nina mdogo wangu, Samia. Tulipoteana mwaka ule ule wa mapinduzi. Mara nasikia yuko Tanga, mara nasikia kafa. Sasa huyo Ummu Kamal akipigwa Tanga, Samia atajuaje kuwa ni mie?"

Vuai alikishika kikombe mpaka kahawa ikapoa.

Kesho yake, Riyadh, alisimama mbele ya Abu Talal, hata salamu hakuimaliza vizuri. "Bosi, jina lake likiondoka, na mimi naondoka."

"Mimi ndiye kafili wako, mdhamini wako nchi hii, Fuad. Utakwenda wapi?"

"Sijui. Na mimi si Fuad. Naitwa Vuai. Jina la babu yangu."

Midomo ya Abu Talal ikajaribu: "Wu... Wuai." Akacheka peke yake.

"Kaseti mia mbili tu," alisema mwishowe. "Na jina lake, na nyimbo zote, haya. Zikidoda, usiniletee tena mambo ya Unguja."

Jalada aliliandika Vuai kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu: Mwanamize binti Soud, Unguja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaongeza: Amerekodi Vuai.

Pale Batha kaseti zilitoka polepole. Msimu wa hija ulipokwisha, alichukua thelathini, akaenda nazo uwanja wa ndege wa Jidda, akapita kwenye foleni ya mahujaji wanaorudi Afrika Mashariki akiuliza, "Nani wa Tanga?"

Bibi mmoja mnene, miguu imemvimba, aliinua mkono. Vuai akamweleza habari yote, akampa kaseti moja.

"Samia binti Soud," bibi alirudia. "Tanga kina Samia ni wengi, baba."

"Waulize wote, mama."

Bibi alifungua mkoba, akatoa kanga, akaizungushia kaseti mara mbili, kama anayemfunika mtoto. Foleni ikasogea. Naye akasogea, mkoba ameukumbatia kifuani.